Turubai la Bwana Afya

Nyabulanda,
kwa mkono wa duka la Lalji,
20 Julai, 1978.

Kwa kaka yangu Majaliwa,

Shikamoo kaka. Nakuuliza hali yako, hali ya wifi Zuleha na watoto, na hali ya ule mguu ulioumia stesheni mwaka jana. Feruzi dereva aliniambia kwamba alikuona Ujiji ukitembea bila mkongojo, nikafurahi sana. Sisi huku tu wazima, ila magoti yangu ndiyo yanayonikumbusha umri kila nikiinuka kwenye mswala. Mvua zilichelewa kukatika mwaka huu, lakini pamba imetoka vizuri, na tangu mwezi uliopita malori hayapumziki. Lalji na mkewe Taramati wanakusalimu. Bado wanakumbuka ulivyowarekebishia mizani ya dukani ulipokuja kututembelea.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilinifikia. Nimeisoma mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Uliniandikia kwamba wewe na Zuleha mmepoa kidogo kwa jambo moja: kwamba mwanenu Chausiku, ingawa homa ilimchukua ghafla na njia zilifungwa msiweze kuja kumzika, alifia mikononi mwa shangazi yake, na mkono wa shangazi yake ndio uliomwosha. Ukaniombea kwa Mungu anilipe. Nami nikakujibu mistari minne tu, ukaona nimekuwa mvivu wa kuandika. Sikuwa mvivu, kaka. Baada ya wiki mbili tunaingia Ramadhani, na sitaki kuufunga mwezi huo nikiwa bado nimekaa na jambo hili kifuani.

Uliniuliza pia ugonjwa ule uliingiaje hapa kwetu, maana huko mlisikia redioni tu. Nitaanzia hapo. Nakuomba usome polepole mpaka mwisho, usiruke.

Ulianza kambini kwa wachimbaji, mwishoni mwa Januari. Unawajua wale vijana wanaochimba kwenye mashimo ya zamani juu ya kijito, wanalala kwenye vibanda vya nyasi na kuosha mchanga wao kwa makarai palepale mtoni. Kwanza alikufa mmoja, tukasema amelewa. Wakafa wawili siku moja, tukasema ni gongo mbaya. Redio ikasema kipindupindu, ikasema tuchemshe maji, nasi wa huku barabarani, wenye nyumba za bati na msikiti wetu, tukasema huo ni ugonjwa wa wachimbaji kwa sababu wanakula ovyo na kuishi ovyo. Tulijiona tuko mbali nao kabisa, na maji tulikuwa tunateka kijito kilekile, chini yao.

Taramati peke yake ndiye aliyekuwa akichemsha. Alikuwa akiyachuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha anayachemsha, kisha anayafunika. Siwema, mke wa Feruzi, alimkuta siku moja akifanya hivyo, akarudi kunisimulia huku anacheka, akasema Wahindi wana matumbo ya watoto wachanga. Nami nikacheka. Baadaye walikuja kutuchanja sindano. Tulipanga foleni kutwa nzima juani, tukapewa vikadi, na tulipokwisha kupewa vikadi tukaona mambo yamekwisha. Ndoo zikaendelea kwenda mtoni kama kawaida.

Bwana afya aliyeletwa kwetu anaitwa Thobias. Ni Msukuma wa upande wa Sengerema, Mkatoliki, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole wa maneno. Mtu mzima wa kike humwita mayu, yaani mama, kama wafanyavyo kwao. Alikuja na pampu ya mgongoni, magunia ya chokaa, mgambo wanne, na maturubai ya kijani yale ya kufunikia malori ya pamba. Akafunga vilabu vya pombe, akakataza ngoma na mikusanyiko, akageuza madarasa mawili ya shule kuwa mahali pa wagonjwa. Watu walinung'unika, lakini walimvumilia. Kilichoharibu kila kitu ni maziko ya Bi Tausi.

Hukumjua Bi Tausi. Alikuwa mpishi wa maulidi zetu zote, na nusu ya wasichana wa hapa walisomeshwa Kurani na yeye. Alishikwa Jumatatu, mwanawe akampeleka shuleni jioni kwa baiskeli akiwa hajitambui tena, Jumanne asubuhi akafa. Mimi ndiye mwosha maiti wa kike hapa tangu mama alipofariki, miaka kumi na minane sasa, kwa hiyo nilichukua kata yangu, karafuu maiti na kitambaa, nikaenda. Mgambo akaniwekea fimbo kifuani. Nikamwambia aniangalie vizuri, mimi ni umri wa mama yake. Akasema amri ni amri.

Walimtoa kwa mlango wa nyuma. Walikuwa wamemviringisha kwenye turubai na kumfunga kamba ya katani sehemu tatu, bila kuosha, bila sanda, bila mtu kumswalia. Wakamchukua kwa mkokoteni hadi nyuma ya ghala la pamba, wakamtia shimoni na kumwagia chokaa juu. Sisi wanawake tulikuwa tumesimama barabarani. Turubai lilikuwa fupi, kaka, na mguu wake mmoja ulikuwa umetokeza. Ulikuwa na hina ya arusi ya mjukuu wake. Hakuna mwanamke aliyelia. Tuliangalia ule mguu mpaka ukapita, kisha kila mmoja akaenda kwake na kufunga mlango.

Mwalimu Akida wa msikitini alijaribu kutueleza kwamba dini ina nafasi: panapohofiwa madhara maiti hutayamamishwa kwa udongo badala ya kuoshwa kwa maji, na afaye kwa ugonjwa wa tumbo ana daraja ya shahidi. Tulimsikia, ila macho yetu yalikuwa bado na ule mguu. Tangu siku ile hapakuwa na mgonjwa tena Nyabulanda. Wote walikuwa na malaria. Bwana Thobias alipita nyumba kwa nyumba na balozi wetu wa nyumba kumi, anagonga, anauliza, anaambiwa hapa hakuna kitu. Ndani watu walikuwa wanatapika kwenye makarai, ndugu zao wanamwaga nyuma ya nyumba, na mvua inayachukua yote hadi mtoni. Aliyekufa alizikwa upesi na watu wa nyumba yake, kimyakimya. Shuleni vitanda vilikuwa vitupu, na Bwana Thobias alianza kukonda.

Katikati ya siku hizo ndipo Chausiku alipotutoka. Hilo nitalirudia.

Siku mbili baada ya kumzika Chausiku, Siwema naye akaanguka. Siwema ndiye aliyekuwa akinimwagia maji kila nilipoosha maiti. Mumewe Feruzi alikuwa amerudi safari asubuhi hiyo, na kwa kuwa ni dereva, amepita miji mingi, hakumsikiliza mtu. Alimpakia mkewe kwenye lori la pamba mchana kweupe, sisi tunamshika mikono tunamwambia atajuta, akaenda naye shuleni. Tukaanza kumlilia Siwema yu hai. Dada yake alikwisha kugawa hata vyombo vyake.

Siku ya nne Siwema akarudi kwa miguu yake.

Alikuja moja kwa moja kwangu, amekonda, kanga imemzidi, lakini anacheka. Wanawake wakajaa uani. Wakamuuliza walimfanya nini kule. Akasema walimtia maji ya mshipani chupa mbili, halafu alipoweza kukaa wakampa maji ya kunywa yenye chumvi na sukari. Alikuwa akitapika, nesi anampa tena. Anaharisha, anampa tena. "Nilikunywa jagi baada ya jagi," akasema, "mpaka nikamwambia nesi, dada, tumbo litapasuka, naye akaniambia kunywa tu, mama, maji ndiyo dawa yenyewe."

Hapo niliinuka nikatoka uani. Walidhani nimekwenda chooni.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Bwana Thobias shuleni. Nilimkuta amekaa kwenye dawati la watoto nje ya darasa, anakula muhogo mkavu. Aliinuka, akaniamkia, akanipisha nikae. Nikamwambia kwamba wagonjwa wake wako majumbani. Akasema, "Najua, mayu. Ninawasikia nikipita. Lakini nikigonga, wote wana malaria."

Nikamuuliza, "Unajua wanaogopa nini?"

Akasema wanaogopa kufa, na wengine wanaogopa sindano.

"Hapana," nikamwambia. "Hawaogopi kufa. Wanaogopa turubai lako."

Akauweka muhogo chini. Alinieleza, bila ukali, kwamba maiti ya ugonjwa huu bado inatoa maji yenye ugonjwa, kwamba katika kijiji alikotoka kabla ya kwetu watu tisa walishikwa baada ya msiba mmoja, kwa kuwa waliosha maiti na kula pilau mahali pamoja. Nami nikamweleza kuosha ni nini kwetu. Nilimwambia kwamba mtu akijua hatafanyiwa hivyo, afadhali afie chini ya kitanda chake. Akaniambia kwamba mama yake mwenyewe angefichwa na dada zake, akifikiria vizuri. Akasema hana ruhusa, lakini atamwomba daktari mkubwa.

Alirudi baada ya siku mbili na mipira ya mikono, viatu vya mpira na dumu la dawa ya klorini. Tukakubaliana hivi: nitaosha mimi na mtu mmoja tu, kwa maji yenye dawa, ndani ya uzio wa shule. Maji ya kuoshea yatakwenda kwenye shimo lenye chokaa. Maiti itazibwa kwa pamba yenye dawa, ivikwe sanda nyeupe, na nailoni iwe katikati ya sanda mbili isionekane. Watu wa nyumba wataonyeshwa uso kabla haujafunikwa, Mwalimu Akida ataswalisha uwanjani, na mtu azikwe makaburini kwao. Chakula cha msiba hakuna. Mwalimu Akida alikubali kuwaosha wanaume, nikamfundisha kuvaa ile mipira, maana alikuwa anaingiza vidole viwili pamoja.

Wa kwanza hakuwa wa kwetu. Alikuwa mwanamke wa kambini kwa wachimbaji anayeitwa Mageni, Msukuma, mpika pombe, asiye na ndugu hapa. Wachimbaji walimleta amechelewa. Siwema aliniuliza tutamwosha vipi naye si wa dini yetu. Nikasema tutamwosha kama mtu. Tukamsafisha, tukamchana nywele, tukamvika kanga yake nzuri na shuka jeupe ambalo Taramati alilileta mwenyewe kutoka dukani. Vijana watatu wachimbaji, wenye matope mpaka magotini, walisimama kumwona uso. Mmoja wao aliangua kilio kikubwa. Walimbeba kwenye machela hadi kaburini kwake huku wanamwimbia kwa Kisukuma, na barabarani wanawake walewale walikuwa wamesimama.

Asubuhi yake baiskeli zikaanza. Mzee mmoja amembeba mkewe nyuma, kijana amembeba baba yake mgongoni, mwingine kwa mkokoteni wa punda. Siku ile waliletwa kumi na mmoja, na siku iliyofuata wengine wanane. Wawili tu walikufa, na hao tuliwaosha kama tulivyokubaliana. Walionyweshwa na kurudi nyumbani ndio waliowafanya watu wachemshe maji. Maneno ya redio hayakuwahi kufanya hivyo. Kufika katikati ya Aprili madarasa yalirudishwa kwa watoto.

Sasa, kaka, narudi kwa Chausiku.

Haikuwa homa. Ile simu ya maandishi niliyompa Feruzi aipeleke posta Kahama ilikuwa ya uongo. Ilikuwa kipindupindu.

Alianza alfajiri ya Alhamisi, siku tisa baada ya maziko ya Bi Tausi. Aliamka kuswali akarudi mbio uani mara tatu kabla jua halijapanda. Nilijua saa ileile. Mimi nimeosha watu miaka kumi na minane, najua mwili unaokauka. Naye alijua. Aliniambia, "Shangazi, nipeleke shuleni." Nikamwambia tungoje kidogo. Nilichokuwa nakiona machoni ni turubai, na nilikuwa najiuliza nitamwandikia nini Zuleha, kwamba mwanao mliyenipa nimfundishe cherehani amefungwa kamba kama mzigo wa pamba. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Nikafunga dirisha, nikamlaza chumba cha nyuma.

Akawa anaomba maji. Kaka, nilimnyima. Nilidhani nikimpa ndiyo yanayotoka, kwamba tumbo likiwa tupu litatulia. Hivyo ndivyo mama alivyotulea sisi tulipoharisha, na sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nalowanisha kitambaa na kumpangusa midomo, basi. Mtungi ulikuwa hatua nne kutoka kitandani kwake, alikuwa anautazama. Aliniambia, "Kikombe kimoja tu, shangazi." Nikamwambia avumilie, kuharisha kukikoma tu nitampa.

Saa sita mchana Bwana Thobias akagonga. Nilisimama mlangoni nikamwambia hapa hakuna mgonjwa. Chausiku aliisikia sauti yake akaniita kutoka ndani, kwa sauti ya kukwama, haikuwa na nguvu. Nikakohoa ili isisikike. Bwana Thobias akanitazama, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Kabla ya alasiri alikuwa amekwisha. Nilimwosha, ndiyo, mimi na Siwema, kwa mikono mitupu, na kwa adabu zote. Nilimwambia Siwema ni homa. Siku mbili baadaye akaanguka yeye, na unajua nilitoka uani kwa nini aliposema maji ndiyo dawa yenyewe.

Siku ile shuleni Bwana Thobias aliponiuliza nimejuaje kwamba watu wanaogopa turubai, nilimwambia haya yote. Yeye ndiye wa kwanza kuyasikia. Hakunifokea. Alikaa akitazama mikono yake, kisha akasema, "Mayu, siku ile nilikisikia kikohozi chako. Nilijua. Nilikuwa nimechoka kubishana na milango." Sikuandikii hili ili tugawane kosa. Mlango ulikuwa wangu na mtungi ulikuwa wangu.

Siwema nilimwambia baada ya wiki. Hakusema nami siku sita, halafu akaja na ungo wa mchele tukauchagua pamoja bila kuzungumza. Mwezi wa tano Bwana Thobias alipowakusanya wanawake kuwaeleza habari za maji na chumvi, aliniomba niseme neno. Nilisimama nikawaeleza nilivyomnyima Chausiku. Wawili walitoka nje, wakiwa wanalia; baadaye nilijua kwamba nao walifanya hivyohivyo. Kwa hiyo sasa kila mtu Nyabulanda anajua, isipokuwa ninyi mliomzaa. Feruzi anakuja kwenu wiki ijayo. Amekataa kunidanganyia tena, na anafanya vyema. Anakuletea barua hii, hatasema kitu mpaka uwe umeisoma.

Nisamehe kaka, kama unaweza. Kama huwezi, sitakuja juu wala sitatuma wazee. Ukitaka kuja kuona kaburi, nyumba ni yako, na kama hutaki kulala kwangu, Lalji atakupa chumba. Ila jambo moja nakuomba ulifanye leo, kabla hujaamua lolote juu yangu: mfundishe kila mtu nyumbani kwako. Maji yaliyochemshwa, lita moja. Vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi. Mtu akiharisha apewe, akitapika mngoje kidogo apewe tena, na huku anapelekwa kwa waganga wa hospitali. Msimnyime hata akichafua nyumba nzima.

Wasalimie watoto wote, na jirani yenu Bi Euphrasia aliyenitumia dagaa. Mwalimu Akida anakusalimu, na Siwema pia.

Zuleha sikumtumia salamu. Nimekaa na kalamu hii tangu adhuhuri nikitafuta namna ya kuandika salamu kwake, sikuipata. Mweleze wewe, kwa maneno yako, siku utakayoona anaweza kusikia. Akiuliza kama mwanawe alisema neno la mwisho, usimfiche. Mwambie aliomba maji.

Ni mimi dada yako,
Mwanaima binti Sudi.